Wasiozaliwa Hapa

Barua ilifika Jumatano asubuhi, imekunjwa mara mbili, na dereva wa bodaboda aliyeileta kutoka ofisi ya kata hakuzima hata injini. Bi Hamisa aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, miwani kwenye ncha ya pua. Ilikuwa na aya mbili tu. Kila mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitakiwa, ndani ya siku kumi na nne, apeleke orodha ya wakazi wote wasiozaliwa nchini: majina yao kamili, walikotoka, na tangu lini wanaishi mtaani.

Hamisa alikuwa hajatimiza mwaka kwenye uenyekiti wa Mtaa wa Mnazi Pacha, huku Temeke, lakini mtaa wenyewe alikuwa nao tangu azaliwe. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka msikitini, akaolewa nyumba ya saba, akafiwa na mume humohumo. Ukimwambia "yule anayekaa uani kwa Mwajabu" hakuhitaji namba ya nyumba. Kwa hiyo hakuiona kazi ile kuwa ngumu. Alichukua daftari, akavaa makubazi yake, akaingia uchochoroni.

Kufikia Ijumaa alikuwa na majina saba. Vijana watatu wa Kikongo waliopanga chumba kimoja, wakitoka alfajiri na kurudi jioni na mafurushi ya vitenge. Mama wa Kimalawi aliyeolewa na fundi magari. Mwalimu wa chekechea kutoka Kenya. Na fundi cherehani wa Kirundi, Didas, pamoja na mkewe Leonsia, wapangaji wa mzee Suleiman. Wote walimjibu kwa adabu, na wote walimtazama namna moja: kama mtu anayetazama sindano ikijazwa dawa.

Ijumaa hiyo baada ya swala ya alasiri, Hamisa akiwa anafunga ofisi, alimwona mzee Anselmo anakuja, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, Mwenyekiti. Nimesikia unaandika watu."

"Ndiyo, kata wametaka."

"Kwangu hujafika."

Hamisa akacheka. "Kwako nifuate nini, mzee Anselmo?"

Mzee hakucheka. Alikuwa mrefu, mkavu, amepita sabini, na chale za Kimakonde mashavuni ambazo siku hizi vijana huziona kwenye vinyago tu. Mtaani hakuwa kiongozi wa chochote. Ila msiba ukitokea, wa Mwislamu au wa Mkristo, mtu wa kwanza kuitwa baada ya shehe au katekista alikuwa yeye, kwa sababu ndiye aliyeongoza uchimbaji wa kaburi. Yeye Mkatoliki, lakini mwanandani, ile nafasi ya kumlaza maiti ndani ya kaburi la Kiislamu, aliujua kuliko wengi waliozaliwa ndani ya dini. Mume wa Hamisa alipofariki, mvua ya masika ilinyesha siku mbili bila kukoma, kaburi likawa linajaa maji. Anselmo aliingia humo shimoni akayachota kwa ndoo tangu saa moja asubuhi mpaka jeneza lilipofika, asije rafiki yake akalazwa kwenye tope. Hamisa alisimuliwa hayo baadaye na shemeji zake. Mwenyewe Anselmo hakuwahi kuyataja.

"Naomba tuingie ndani," mzee alisema.

Wakaingia. Akakaa kwenye benchi, kofia juu ya goti.

"Mie si mtu wa Newala, mama."

Hamisa hakushtuka. Halikuwa jambo la siri, lilikuwa jambo lisilosemwa. Mtaa mzima ulijua nusunusu kwamba Anselmo alitokea ng'ambo ya Mto Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, akakulia kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, akaingia Temeke mwaka wa sabini na tisa, akamwoa Bernadeta wa Ndanda. Mwenyekiti wa zamani, marehemu mzee Mwishehe, ndiye aliyeandika "mzaliwa wa Newala" kwenye barua ya kwanza, na kila karatasi iliyofuata ilinakili ile ya kwanza.

"Mzee Mwishehe aliandika vile kwa wema," Hamisa alisema.

"Kwa wema, Mungu amrehemu. Na mie nikaitikia, maana nilikuwa nataka kibarua bandarini." Akaigeuza kofia. "Mwezi uliopita binti yangu Noela alibatiza mtoto. Padri akataka kuandika habari za ukoo kwenye kitabu. Akaniuliza, babu, kwenu wapi? Nikasema Newala. Na kile kitoto nimekipakata. Nimedanganya watu wengi, mama, ila kukidanganya kitoto cha wiki sita, hapana. Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Kwani kwenu ni wapi hasa?"

"Mueda. Kijiji chenyewe sijui kama bado kipo. Mama yangu alifia njiani, kabla hatujauona mto. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na mjomba. Hatukuwa na jembe. Tulimfunika kwa majani na mchanga wa mikono, tukaondoka. Sasa kila ninaposema Newala, ni kama nasema yule mama hakuwepo."

Hamisa alitazama mikono ya mzee juu ya ile kofia.

"Mzee, nikikuandika sijui watakufanya nini."

"Hata mie sijui."

"Sasa?"

"Sasa uandike."

Hamisa hakuandika. Alimwambia mzee ampe mpaka Jumapili, kwenye mkutano wa mtaa, na mzee akakubali.

Jumapili kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo mkutano ukahamia kwenye kile kibanda cha kuoneshea mpira, mabenchi ya mbao yakielekea luninga iliyozimwa. Walifika watu kama themanini, wengine wakabaki wamebanana mlangoni. Hamisa alisoma barua ya kata, akasoma majina saba. Wenye majina yao walikuwa nyuma, isipokuwa vijana wa vitenge ambao hawakuja. Kisha akaeleza, kwa ruhusa ya mwenyewe, habari ya Anselmo.

Mwajabu, mwuza vitumbua, jirani na shoga yake Hamisa, alisimama kabla hajaruhusiwa. "Andika Newala, tuendelee na mengine. Nani asiyemjua mzee Anselmo?"

Watu wakaitikia. Wengine wakaanza kuhesabu kwa sauti wazazi wao aliowachimbia. Ndipo mzee Suleiman aliponyanyuka polepole, kanzu imepigwa pasi, fimbo mkononi. Mwenye nyumba mbili, mtoto wa watu wa Temeke tangu Temeke ilipokuwa mashamba ya mihogo.

"Mie nitasema lisilopendeza," alianza. "Sheria ni ya wote. Ukimficha huyu kwa kuwa umemzoea, kesho utamficha yule kwa kuwa amekununulia soda. Kitovu cha mzee Anselmo hakikuzikwa hapa, mwenyewe amesema. Na mtaa usiojua nani wake na nani si wake, huo si mtaa tena, ni stendi. Watu wanashuka na kupanda, hakuna anayemjua mwenzie."

Kukawa na minong'ono. Mzee akainua kiganja.

"Mnajua mwanangu Badru yuko Durban, Afrika Kusini, mwaka wa nane huu. Alifungua saluni ya kunyoa. Siku walipokuja kuwatoa wageni kwenye vyumba vyao, waliokuja ni vichwa alivyovinyoa yeye mwenyewe. Miaka sita amekaa nao. Na wale ambao hawakuja kumtoa, walifunga madirisha. Hakuna hata mmoja aliyesimama akasema huyu namjua. Kwa hiyo msiniambie mie kwamba ugeni ni jambo jepesi. Ugeni ni ugeni. Aandikwe."

Kutoka benchi la pembeni Anselmo alisema, "Mzee Suleiman kasema kweli. Niandikeni."

Hamisa alikuwa na peni mkononi na hakujua aanzie wapi. Alimheshimu Suleiman, na baya zaidi, aliona ana hoja. Mtaa nao ni kitu, una mipaka yake, una watu wake wanaojuana, na ukiubomoa uwe wa kila mtu unaweza kujikuta si wa yeyote. Lakini alipomtazama Anselmo aliona kuwa hoja ile, pamoja na ukweli wake, ilikuwa inapita kando ya kitu fulani, na hakukijua jina.

Mkono ukanyooshwa kule nyuma. Didas, fundi cherehani. Mwembamba, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni, sindano mbili zimesahaulika kwenye kola.

"Samahani Mwenyekiti. Mie niko namba sita kwenye hiyo orodha." Kiswahili chake kilikuwa safi, ila alikikanyaga kwa uangalifu. "Nasikia watu wanasema mzee asiandikwe kwa kuwa amechimba makaburi mengi. Naomba kuuliza. Ni mangapi? Mtu achimbe mangapi ndipo jina lake litoke?"

Aliangalia benchi moja baada ya jingine.

"Siulizi kwa ubaya. Nataka tu kujua nianzie wapi."

Mwajabu aligeuka kwenye benchi. "Baba, hakuna aliyekufukuza. Ila na wewe, mwaka wa tatu huu uko hapa, kwenye misiba hatukuoni. Mtu hujulikana kwenye msiba."

Didas akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Mama, sie tulikuwa na msiba mwezi wa tatu. Na nyie hatukuwaona."

Bati lilikuwa linagongwagongwa na manyunyu. Hamisa alishusha peni.

"Msiba gani, Didas?"

"Mtoto wetu. Aliishi siku mbili." Mkewe, Leonsia, alikuwa anatazama sakafu. "Tulirudi naye kutoka hospitali amefungwa kwenye khanga, kwenye bajaji. Tuliogopa kumwambia mtu. Tulifikiri tukisema msiba, watu watakuja, na watu wakija tutaulizwa maswali ya vibali. Changu kilikuwa kimeshakwisha. Mlinzi wa makaburi kule bondeni alituonea huruma, akatupa nafasi kando ya ukuta. Tulimzika wawili."

"Mwezi wa tatu?" Sauti ilikuwa ya mzee Suleiman, na haikuwa ile ya mwanzo. "Mie nilikuwepo mwezi wa tatu. Uko kwenye nyumba yangu. Chumba changu cha uani."

"Ndiyo, baba mwenye nyumba. Siku ile uliniamkia ukaniambia mbona leo cherehani imelala."

Suleiman akakaa. Alikaa kama mtu aliyesukumwa.

Kwenye benchi la pembeni Anselmo alikuwa ameshasimama. Hakuna aliyemruhusu na hakuna aliyemzuia.

"Nani alichimba?"

"Mie mwenyewe, mzee."

"Kina chake?"

Didas akaonesha kwa kiganja, juu kidogo ya goti.

"Ukutani upande wa barabara, au upande wa mtaro?"

"Wa mtaro."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyesikia alichokihofia. "Pale maji yanapita. Kesho asubuhi tutakwenda, mie na wewe. Na mama mtoto kama ataweza."

Hapo Hamisa akapata la kusema, si kwa sababu alikuwa amelitunga, bali kwa sababu aibu ilikuwa lazima itoke kwa njia fulani.

"Jamani, sie watu wa Mnazi Pacha tunajisifia kuzikana. Kumbe kuna mtu amezika mtoto pembeni, na sie tunapita mlangoni kwake kupeleka sare za shule." Akavua miwani. "Nitafanya hivi. Barua imetaka majina, na mie nimeapa. Majina nitayapeleka, yote manane, na Mueda nitaiandika Mueda. Lakini nyuma ya kila jina nataka karatasi ya pili. Huyu mtu anaishi vipi na sie? Amefanya nini hapa, nani anamjua, akiondoka nani atapungukiwa? Hilo kata hawakuliuliza, ila tutawaambia. Kuzaliwa mahali mtu hakuchagui. Kukaa na watu ndiko anakokuchagua kila siku, na watu nao wanamchagua."

"Na akiwa hana la kuandikiwa?" mtu aliuliza.

"Basi tusiseme kosa ni lake peke yake. Twende tukamgongee mlango."

"Na kama la kuandika ni baya?" Hilo lilitoka kwa Suleiman, akiwa bado amekaa, bila kumtazama mtu.

"Tutaandika ubaya, mzee wangu. Kweli ni kweli."

Asubuhi ya Jumatatu walikwenda makaburini watu kumi na mmoja. Hamisa alitarajia wanne. Anselmo alitangulia, beleshi begani, na vijana wawili wakimbebea vipande vya matofali kwenye toroli. Didas alimshika mkewe mkono tangu getini.

Kaburi lilikuwa dogo mno. Lingeweza kupitwa na mtu akidhani ni kichuguu. Mvua zilikuwa zimelimega upande mmoja, na magugu yameshaanza kulivuka. Anselmo alipiga goti, akaugusa udongo wake kwa kiganja, akausugua vidoleni. Kisha akaanza kazi bila haraka. Kwanza alikata mfereji mwembamba wa kuyapeleka maji kando. Halafu akapanga matofali upande wa mtaro, moja moja, akiyagonga kwa mpini wa beleshi yakae. Udongo mpya akauchota mbali, ule mwekundu usioyeyuka upesi, na kila alipomwaga aliushindilia kwa mikono kama mtu anayekanda unga. Didas alitaka kumpokea. "Wewe shika mwenzio," mzee alimwambia. "Hii wewe umeshaifanya."

Walikuwa katikati ya kazi Suleiman alipotokea kwenye njia ya makaburi. Hakuwa na kanzu, alivaa msuli na shati kuukuu, mkononi panga. Aliwasalimia wote kwa pamoja, akainama, akaanza kufyeka magugu kuzunguka kaburi. Pumzi ilimwishia upesi, maana alikuwa mzee, lakini kijana mmoja alipotaka kumpokea alikataa kwa kichwa. Alifyeka duara zima. Kisha akasimama mbele ya Leonsia.

"Mwanangu," alisema, "mtoto alikuwa na jina?"

Leonsia hakuwa amesema neno tangu Jumapili. Pengine tangu mwezi wa tatu, Hamisa aliwaza.

"Stephano."

"Stephano," mzee alirudia. "Stephano bin Didas." Akaligeukia kaburi. "Mjukuu wangu, utusamehe. Ulikuwa nyumbani kwangu na mie sikukupokea."

Leonsia alianza kulia. Alilia kwa sauti, namna ambayo mwanamke hawezi kulia kwenye chumba cha kupanga akiogopa ukuta utasikia. Mwajabu akamkumbatia upande huu, Hamisa upande ule, wakakaa naye chini palepale kwenye mchanga, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Wanaume waligeukia upande wa mtaro, wakawa wanatazama kazi iliyokuwa imeshakwisha.

Wiki ile Hamisa alikuwa na shughuli. Karatasi za pili zilijaa moja baada ya nyingine, watu wakija ofisini kusema, wengine wakisema mno hata ikabidi awakatize. Ya mama wa Kimalawi ilieleza ndoa yake, watoto wanne na ugomvi mmoja wa maji ambao jirani alisisitiza uandikwe. Ya mwalimu wa chekechea ilisainiwa na wazazi thelathini na moja. Ya Didas ilikuwa fupi, lakini Suleiman aliiandika kwa mkono wake, na mwisho akaongeza kwamba mtaa ulimkosea msiba, na kosa hilo lisihesabiwe kuwa la mpangaji. Kwa vijana wa vitenge, Hamisa alikwenda mara tatu. Safari ya tatu akaambiwa wamehama, hakuna anayejua wapi. Alizipeleka karatasi zao zikiwa tupu, na ule utupu ulimuuma kuliko kama angeandika ubaya.

Baada ya siku kama kumi wakaitwa ofisi ya uhamiaji, Anselmo na Didas. Hamisa akaenda nao. Suleiman naye alikuwa anawasubiri kituo cha daladala, amevaa kanzu yake, wala hakueleza kwa nini.

Afisa aliyewapokea aliitwa Elibariki, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Faili la mtaa lilikuwa wazi mbele yake.

"Hizi karatasi za nyuma mliambiwa mlete?"

"Hapana," Hamisa alijibu.

"Nimezisoma zote jana." Akafunua moja. "'Amefundisha vijana kumi na wawili wa Kiislamu kuchimba mwanandani, ingawa yeye ni Mkristo.' Hii ndiyo mara ya kwanza naliona neno hilo kwenye faili." Akamtazama Suleiman. "Wewe mzee, ni ndugu yake?"

"Hapana."

"Rafiki?"

Suleiman akafikiri. Hakuwa mtu wa kutoa jibu jepesi. "Rafiki ni neno kubwa. Kwenye mkutano mie ndiye niliyesema aandikwe."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kusema huyu namjua. Miaka arobaini na zaidi. Akisema jambo ni hilo. Na huyu kijana pia nimeanza kumjua. Nimechelewa, lakini nimeanza."

Afisa aliandika kitu. Kisha akamgeukia Anselmo, akamwuliza habari ya Newala, nani aliiandika.

"Aliyeandika ni marehemu," Anselmo alisema. "Lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu."

Elibariki alizungusha peni. "Mzee, sheria haina kipimo cha makaburi. Hilo nikwambie mapema usije ukaondoka hapa na tumaini la uongo. Ila ina nafasi ya mtu aliyekaa muda mrefu, mwenye mwenendo mwema, anayeshuhudiwa na watu. Uraia wa kuomba, ule tunaouita tajnisi. Si jambo la wiki. Utaandika maelezo ya ule uongo, kwa mkono wako, na yataamuliwa na walio juu yangu. Wanaweza kukataa. Mpaka hapo utakuwa unakuja kuripoti kila mwezi."

"Nitakuja."

Kwa Didas mambo yalikuwa magumu zaidi. Kibali chake kilishakwisha zamani, ikabidi atoke nchini na kuingia upya kwa mlango unaostahili, na karatasi za kwao za upya. Mkewe, aliyemfuata baadaye, pasi yake ilikuwa na miezi bado. Didas alisikiliza yote amesimama wima. Walipotoka nje ndipo alipokaa kwenye ngazi. Hamisa akakaa naye.

"Nikitoka, Mwenyekiti, wataniruhusu kurudi kweli?"

"Sijui, mwanangu. Ila Leonsia hatolala peke yake hata siku moja. Hilo najua."

Na hakulala peke yake. Didas alikaa Burundi majuma tisa. Majuma yote hayo, Mwajabu na Hamisa walipokezana kulala kwenye kile chumba cha uani, na siku ambazo wote wawili hawakuweza, mke wa Suleiman alimchukua Leonsia akalala ndani kwao. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare nyingi hazijakwisha. Leonsia aliketi kwenye cherehani ya mumewe, na kina mama waliowahi kushona ujanani wakaja kumsaidia kutia vifungo na kupinda marinda. Sare zilitoka nyingine zimepinda upande, watoto wakazivaa hivyohivyo. Katika kazi ile Leonsia alianza kusimulia: kwao Ngozi huko Burundi, mama yake, jinsi alivyokuwa mtoto mkorofi asiyependa kufunga ng'ombe. Walimcheka, naye akacheka.

Didas alirudi Jumanne moja mchana, begi moja, amekonda, kibali kimebandikwa kwenye pasi mpya. Kilikuwa cha miaka miwili tu. Suleiman alikisoma juu na chini, akamrudishia, akasema miaka miwili ni mingi kwa watu wanaoamkiana.

Maombi ya Anselmo yalichukua miezi kumi na moja. Kila mwezi alikwenda kuripoti, mara mbili akiwa na homa. Kuna wakati Hamisa aliamini wamemkatalia na hawajui namna ya kumwambia, akajilaumu kwamba angeandika Newala mzee angekuwa anapumzika. Alipomwambia hivyo, Anselmo alimshangaa.

"Mama, mie napumzika. Mwaka huu ndio nimelala."

Cheti kilipotoka walikipitisha mkono kwa mkono ofisini, wengine wakifuta vidole kwanza. Mahali pa kuzaliwa palikuwa pameandikwa Mueda, Msumbiji, kwa herufi za mashine. Mzee alilisoma neno hilo moja mara nyingi kuliko yote mengine. Kisha akamwomba Mwajabu kitumbua, akala kimya kimya, akaenda zake nyumbani kulala usingizi wa mchana.

Kata haikutaka orodha nyingine mwaka ule. Hamisa hakungoja itake. Alijiwekea desturi, bila tangazo wala muhtasari wa kikao, kwamba mpangaji yeyote akihamia mtaani, awe ametoka ng'ambo ya mpaka au Mbagala hapo, wiki isipite yeye hajamgongea mlango. Kwanza watu walidhani ni mambo ya siasa. Baadaye walizoea, na wengine wakaanza kumtangulia.

Mwezi wa sita alihamia dada mmoja kutoka Sumbawanga, anaitwa Elizia, na mtoto mgongoni. Hamisa alimkuta anamenya mihogo mlangoni, vitu vyake bado kwenye viroba.

Dada alipomwona na daftari, kisu kikasimama. "Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna. Nakaa nyumba ya saba kutoka msikitini. Nimekuja kukuona."

"Sina hata kiti cha kukukaribisha."

Hamisa alitazama huku na huku, akaipindua ndoo tupu, akaketi juu yake. Daftari akaliweka chini. Akachukua muhogo mmoja kwenye beseni, akatafuta kisu kingine.

"Haya," alisema, "niambie habari za safari. Mlisafiri siku ngapi?"